Sauti ya Oloo na Divisheni ya Mzee Gennadi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Muaither, mlioko Al Wakrah, hata wewe uliye zamu, tega sikio. Leo tunamkumbuka Jeremiah Oloo, muuguzi, mzaliwa wa Homa Bay. Alitutoka mwezi uliopita hapa Doha. Moyo ulisimama ghafla. Ndiye Oloo wa Muaither, mume wa Jerusha.

Oloo alimhudumia Mzee Gennadi, Mrusi aliyepofuka, nyumbani kwake, mtaa wa kitajiri wa The Pearl. Baba wa mzee huyo alipigana katika divisheni ya askari wa miguu wa Kisovieti. Hakurudi. Gennadi alikuwa bado tumboni. Basi binti yake, Lyudmila, akaleta kitabu cha Kiingereza cha historia ya divisheni hiyo, na Oloo akawa msomaji wa mzee.

Oloo akazama humo. Jerusha anamweleza kwamba mtoto wao Melissa ana homa, yeye anajibu, "Jana tulipoteza daraja." Simu ikilia mezani, ni Lyudmila.

"Nilijua Baba Melissa ana nyumba mbili," Jerusha ametuambia.

Wivu ukamkaba. Ijumaa moja akapanda teksi hadi The Pearl. Lyudmila alipofungua, Jerusha alitaka kufoka. Mwenzake akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha chumba kilichokuwa wazi.

Oloo alikuwa anasoma. Divisheni inavuka mto juu ya mbao na mapipa, risasi zinanyesha. Wa kwanza karibu wote wamezama. Mzee amemng'ang'ania mkono, analia.

"Mimi mwanawe hajawahi kunishika hivyo," Lyudmila akanong'ona. "Namwonea wivu mume wako."

Jerusha akarudi nyumbani. Wivu haukuisha, wasikilizaji. Ulihama tu. Sasa aliwaonea wivu askari waliokufa miaka themanini iliyopita.

Kisha Oloo akafariki. Kwenye maombi, kabla mwili haujasafirishwa, Lyudmila akamjia Jerusha. Kumbe mzee alirekodi kila usomaji kwenye simu.

"Ni sauti ya mumeo. Nimekutumia yote."

Badala ya kushukuru, Jerusha aliwaka. Yeye, mke wa ndoa, alikuwa na jumbe za sauti fupifupi tu: "Nimechelewa, kuleni." Mgeni ndiye aliyebaki na Oloo mzima!

Alikaa siku nyingi bila kuzigusa rekodi hizo. Alipofungua moja, akawasikia askari wakitembea kwenye theluji, wakizikana, wakisonga mbele. Majina hakuyashika. Sauti aliishika. Mara Oloo akaacha kusoma, vita vikiwa vimepamba moto. Mzee akamsihi aongeze kidogo.

Oloo akacheka. "Hapana, mzee. Jerusha ananingoja. Akikasirika yule, divisheni yenu nzima haitaniokoa."

Jerusha akairudisha nyuma. Akasikiliza tena. Na tena.

Jerusha, mama yetu, pole sana. Pole Melissa. Poleni jamaa wote wa Homa Bay. Nasi tunaoshinda kazini tukiwahudumia wengine kwa upole, tujiulize: tukifika mlangoni kwetu, upole huo huwa umebaki kiasi gani?

Oloo, lala salama.