Oke ya Shemeji

Benchi la kijiweni linatazamana na geti la bluu la hospitali, ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo Koleo, fundi umeme, alikuwa amelikalia akiwa ameligeuzia geti mgongo. Mkewe aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili, na aliyebaki mlangoni ni shemeji yake, ambaye pia ni mwenzake wa kazi. Koleo alikuwa amemwandikia: "Likitokea lolote usinifiche." Jibu lilikuja neno moja, "Oke," kisha kimya cha saa tatu nzima. Kahawa ilimpolea mkononi, na wenzake, ambao midomo yao haijui likizo, walikuwa wameshalivamia lile neno.

— Oke ni kukubali, alisema Redio, kinyozi. Kakubali, yamekwisha. Tulia.

— Kukubali wapi, alisema Mzee Kiraka, mshona viatu. Mke wangu akiniambia oke, najua leo nalala njaa.

— Hiyo ya hasira. Mwanangu nikimtuma akasema oke, ujue haendi.

— Sasa ya shemeji ni ipi? aliuliza Koleo.

— Ya msiba, alisema Kiraka. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Mzee, uchi umeingiaje hapo? aliuliza Redio.

— Umeingia tu. Mwenye habari njema huandika mengi. Mwenye mbaya anaandika oke, anazima simu.

— Au kaandika daktari, alisema Redio. Simu wamemnyang'anya, wanatujibu wao.

Kazini, Koleo akiwa chini na shemeji juu ya ngazi, shemeji hutamka oke waya ukishapimwa na kuonekana hauna umeme. Mwaka jana shemeji aliitamka kwa mazoea, kabla hajapima, na umeme ukamtupa yeye mwenyewe kutoka ngazini. Tangu hapo Koleo haiamini oke yake.

Mwanamke mmoja, aliyevuka kutoka hospitalini kununua kahawa, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Kaka, mgonjwa ni mkeo?

— Ndiyo.

— Yuko hapo ndani?

— Hapo hapo.

— Sasa wewe unafanya nini huku?

Koleo alifungua mdomo aseme anasubiri habari, akaona aibu. Alikuwa anaogopa, basi. Akainuka, akavuka barabara bila kutazama magari. Ndala moja ikamtoka mguuni katikati ya lami, na hakurudi kuiokota.