Time Atasoma Nyumbani

Kijiwe chetu kiko Al Rayyan, hapa Doha, nyuma ya bakala, lile duka dogo la vyakula lenye kila kitu isipokuwa chenji. Tunakalia siti ya nyuma ya basi lililokufa zamani. Miezi ya baridi, kila Ijumaa baada ya alasiri, tunakutana hapo kunywa kahawa ya tangawizi ya Salim. Salim ni dereva, mtu wa Unguja, na tunamwita Mufti kwa sababu hajawahi kukosa fatwa. Gerishon ni Mkenya, mlinzi wa ghorofa moja West Bay. Aliwahi kufundisha mwaka mmoja tu huko kwao na mpaka leo hajashuka ubaoni, kwa hiyo yeye ni Hedimasta. Herbert wa Kampala, mhudumu wa hoteli, anashinda kwenye intaneti, basi ni Google. Mimi ni kinyozi. Wananiita Bunge, eti naongea sana, na huo ni uzushi mtupu.

Ijumaa moja ya mwaka 2013 Idrisa alikuja na jambo zito. Idrisa ni wa Tanga, karani wa stoo hotelini, mtu mpole mno kwa kijiwe kama chetu. Binti yake Time, mzaliwa wa hapahapa Doha, alikuwa ametimiza miaka sita. Shule alizozimudu zilikuwa zimejaa, na zenye nafasi hakuzimudu. Wengi wakifika hapo humpandisha mtoto ndege akalelewe na bibi yake. Mama yake Idrisa alikuwa anapiga simu kila wiki kumdai mjukuu, na kila simu hiyo ikiita, Hidaya, mke wa Idrisa, alikuwa anatoka chumbani. Idrisa alituambia taratibu kwamba mtoto akiondoka, yeye hajui jioni nani atakuwa anamkimbilia mlangoni. Lakini alikuwa amesikia kuna wazazi wanaowafundisha watoto wao wenyewe, kwa mtaala wa kuagiza, na alitaka tumsaidie kuchagua. Hakuwa amemwambia mkewe. Alitaka kwanza awe na uhakika. Maskini, uhakika alikuja kuutafuta kwetu.

Gerishon alidaka mada kabla kahawa haijamiminwa.

— Hii maneno ni rahisi, buda. Unachukua mtaala wa Kenya. Kengele saa moja, gwaride sebuleni, halafu sare. Sare ni lazima.

— Sare ya nini, na mwanafunzi ni mmoja? nikamuuliza.

— Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Umesikia nguo hapo?

Idrisa akauliza, je, mtoto akileta utundu?

— Unaita mzazi.

— Mzazi ni mimi.

— Sawa. Unajiandikia barua, kesho yake unafika ofisini bila kuchelewa.

Herbert akasema hayo yamepitwa na wakati. Alisoma kwamba Wamarekani wengine hawafundishi kitu. Mtoto anajifunza analotaka, siku anayotaka. Hakuna kitabu, hakuna mtihani.

— Akitaka hesabu, banange, mpeleke raundabauti ahesabu Landkruza. Akitaka jiografia, mpeleke eapoti aangalie ndege zinatoka wapi.

— Nyote mmepotea, akasema Mufti. Mtoto lazima aanze chuo kwanza. Skuli baadaye.

Gerishon akapaliwa na kahawa. Mtoto wa miaka sita aanze chuo? Tulitumia muda mrefu kumweleza kwamba kwa watu wa Unguja chuo ni pale mtoto anapoanzia alifu na bee. Gerishon akafikiri, kisha akasema kumbe binamu yake aliyemaliza chuo kikuu alimaliza madrasa kubwa tu, na nyumbani walimchinjia ng'ombe bure.

Kutoka hapo hapakuwa na breki. Mufti akajitolea kufundisha kugawanya ndani ya gari, na tena aanze upesi, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Google akachukua sayansi, maabara ikiwa jikoni kwao hotelini. Mimi nikapewa sanaa, nifundishie kwenye vichwa vya wateja. Idrisa alicheka mpaka akajifuta machozi, na nilifurahi, maana sikuwa nimemwona akicheka tangu kiangazi.

Mwisho akaamua mwenyewe, kwa akili kuliko sisi sote. Ataagiza vitabu vya Tanzania, asubuhi mama amfundishe, jioni yeye akitoka zamu. Akatoa simu palepale.

— Hidaya, khalas, nimeamua. Time atasoma nyumbani. Mtayarishie vitu vyake leoleo.

Akasikiliza, kisha akaitazama simu.

— Amekata. Furaha imemzidi.

Nasi tukaamini, watu wazima wenye ndevu.

Baada ya kama saa moja Hidaya alitokea pembeni mwa bakala, tukiwa bado tunampongeza mumewe. Alikuwa amemshika mkono Time, mtoto kavishwa gauni la Idi na viatu vya kufunga, begi mgongoni. Hidaya hakutusalimia. Mwanamke wa Tanga akifika mahali asisalimie, ujue kuna msiba.

— Vitu vyake hivi, akasema. Nguo zake, na dawa yake ya kifua. Ila mimi eapoti siendi, baba Time. Utampeleka mwenyewe.

Idrisa alisimama, kikombe kikamdondoka.

— Mama Time, nyumbani hapa. Chumbani kwetu. Vitu nilisema madaftari, penseli. Mwalimu ni wewe. Nani kataja Tanga?

Hapo ndipo nasi tukaelewa. Hapa Doha ukisema nyumbani, kila mtu anasikia ndege. Hidaya alikaa kwenye siti yetu, kati ya Google na Hedimasta, akalia na kucheka kwa pamoja, akamvuta mtoto kifuani. Mimi nililia pia, na anayetaka kunicheka anicheke.

Time alijitoa kifuani kwa mama yake. Alikuwa ameshamuaga mwenye bakala, ameshawaaga na majirani wote wa ghorofa lao. Akamtazama baba yake.

— Kwa hiyo siendi nyumbani?

— Huendi, mwanangu.

— Nitasoma nyumbani.

— Ndiyo.

— Kwani nyumbani ni wapi?

Idrisa akamgeukia Mufti. Mufti, ambaye amejenga Unguja nyumba nzuri anayolala likizo kwa likizo, akaanza kumimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Gerishon aliinamia kandambili zake. Herbert hakuwa amesoma popote. Mimi Bunge nikainama kuokota kikombe cha Idrisa.

Idrisa akamvua begi mgongoni, akabaki amelishika, hajui aliweke wapi. Time bado alikuwa anatungoja tumjibu.