Chenge Kashindye na Shikamoo Aliyoiacha Mkuyuni

Maisha haya ya marehemu Chenge Kashindye yamesemwa na dada yake, Suzana, na kuandikwa na binti wa dada huyo, Evelina, ambaye ndiye anayewasomea. Suzana hakwenda shule. Wazee wa ukoo walipomwambia kwamba neno la marehemu ni la mkubwa aliyebaki, alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja: yasemwe yote, na ya kwake yakiwemo. Kuna salamu ya mdogo wake ambayo hakuijibu, na hakutaka udongo umtangulie.

Chenge alizaliwa hapa Kamanga, wilaya ya Sengerema, tarehe 14 Mei 1974, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Kashindye na mama Selina, ambao wote wametangulia. Dada yake alikuwa na miaka mitano. Mama aliposhinda kwenye pamba, mgongo uliombeba Chenge ulikuwa wa dada huyo.

Mwaka 1982 alianza darasa la kwanza katika shule ya kijiji, akamaliza la saba mwaka 1988. Dada alibaki ufukweni kuanika dagaa, kwa kuwa mzee alisema mmoja akisoma wamesoma wote. Chenge alikuwa mashoto. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia, na mtoto alirudi nyumbani bado amefungwa, machozi yamemkaukia. Dada yake aliacha dagaa, akaenda kumfungua kabla baba hajaona. "Mkono haujakosa kitu," alimwambia. Chenge alilikumbuka neno hilo hadi ukubwani, na aliwaambia wanawe.

Mwaka 1992 familia ilivuka kwenda Mwanza na kupanga Mkuyuni. Mzee alipata kazi ya kudumu ya upakiaji katika kiwanda cha minofu. Mwaka uliofuata Suzana, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alianza kibarua hapo hapo, kwenye meza za kukata sangara. Mtaa wote uliishi hivyo: katika kila nyumba mmoja alikuwa na kazi ya kudumu, na waliobaki walisimama getini alfajiri wakingoja kuitwa kwa kunyooshewa kidole. Kazi ya kudumu ilirithiwa kama ng'ombe. Mtu akiugua au akichoka, ofisi ilimwambia alete mmoja wa kwake.

Mgongo wa mzee uliharibika mwaka 1997, naye akaambiwa alete mtu. Suzana alikuwa amekwisha kata samaki miaka minne. Alifua nguo zake, akangoja kutajwa. Mzee akamtaja Chenge.

"Baba, huyo hata kisu hajui kukishika," Suzana alisema.

"Utamfundisha. Wewe utaolewa tena, na kazi itahamia ukoo wa watu."

Akamfundisha, wiki tatu, uani. Chenge alishindwa kumwiga kwa sababu ya ule ushoto wake, hadi siku moja dada aliacha kusimama ubavuni mwake, akahamia upande wa pili wa meza, uso kwa uso, kama mtu na kioo. Mkono wa kulia wa dada ukaenda, wa kushoto wa Chenge ukaufuata. "Usimkate kwa nguvu," alimwambia. "Fuata mfupa, samaki atajifungua mwenyewe."

Chenge aliajiriwa tarehe 2 Machi 1998. Haukupita mwezi, watu waliacha meza zao kuja kuona mashoto anayetoa mnofu bila kuacha nyama mfupani. Msimamizi akamwuliza, "Nani kakufundisha wewe?" Suzana alikuwa kwenye meza ya nyuma, kibarua wa siku ile. Alimsikia mdogo wake akijibu, "Nimejifunza mwenyewe, bosi."

Kazi alikuwa amekwisha kumwachia. Neno lile ndilo lililomchoma. Jioni hiyo hakumpakulia ugali, na tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Samaki walipopungua ziwani vibarua waliachishwa kwanza, na Suzana akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, akiuza sokoni Mkuyuni. Mara nyingi ilikuwa mifupa iliyopita mikononi mwa Chenge. Aliitambua kwa usafi wake.

Tarehe 18 Agosti 2001 Chenge alifunga ndoa na Getruda Masele katika kanisa la Usagara. Suzana alihudhuria, akakaa na wageni. Chenge alikuwa mume mpole na baba wa kuchekesha. Kila Jumapili baada ya ibada majirani walimletea samaki awakatie, na Getruda alipotaka kumsaidia alimwambia, "Weka kisu, mama. Hiki ni cha ukoo wetu."

Januari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alificha ugonjwa huo kwa miezi kadhaa, hadi miguu ilipoanza kuvimba. Jumatano ya tarehe 11 Juni, asubuhi, alikuja sokoni kwa dada yake. Alikuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo.

"Shikamoo, dada."

Suzana aligeuza mapanki kwenye mafuta. Hakuitikia.

"Dada, nina neno dogo tu."

"Panga foleni. Getini sisi tulikuwa tunapanga."

Wateja walicheka. Chenge naye alitabasamu, akaenda kusimama nyuma ya watu sita. Mama mmoja muuza nyanya aliuliza, "We mama Evelina, si mdogo wako huyo?"

"Huyo ni mwajiriwa wa kudumu. Sisi vibarua hatuna ndugu wa kudumu."

Foleni ilipofika kwake, Suzana alihudumia aliyekuwa nyuma yake, kisha mwingine, kisha mwingine. Chenge alisimama karibu saa nzima. Alipoanza kutetemeka miguu alishika nguzo ya kibanda, akapumzika kidogo, akaondoka. Dada yake alimwona akiondoka, na alifurahi. Hilo nalo ameagiza liandikwe.

Kesho yake Getruda alikuja na lile neno. Chenge alikuwa anaachishwa kazi kwa ugonjwa, na ofisi ilikuwa imemwambia alete mmoja wa kwake kabla Ijumaa haijaisha. Hakuwataja wanawe. Alitaka kumtaja Evelina. "Anasema kazi ile ilikuwa ya nyumba yako, wifi," Getruda alisema.

Suzana alijibu, "Mwambie binti yangu hali makombo." Evelina hakuulizwa. Ijumaa ikapita, na nafasi ikaenda kwa familia nyingine.

Jumapili ya tarehe 31 Agosti Suzana aliitwa hospitalini, alikolazwa Chenge. Alisema atakwenda Jumatano, akishamaliza samaki aliokwisha nunua. Chenge alifariki Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Suzana alikuwa sokoni, kwenye mafuta.

Juzi, kwenye matanga, walikuja wafanyakazi wenzake kumi na wawili. Kijana mmoja wao alimsalimia Suzana, akamwuliza kama yeye ndiye dada. Akamweleza kwamba kila mgeni aliyepewa Chenge amfundishe, Chenge alihamia upande wa pili wa meza, wakatazamana uso kwa uso. Kiwandani kusimama huko kunaitwa kusimama kidada. "Alitwambia alidanganya mara moja tu kuhusu aliyemfundisha," kijana alisema, "akiwa mgeni na anaogopa kufukuzwa, na aliyemkosea alikuwa anamsikia." Miaka ishirini na saba mezani, na Suzana hakuwahi kumpa nafasi ya kulisema hilo mbele yake.

Chenge ameacha mjane, Getruda; watoto wawili, Kija na Ngosha; mpwa mmoja, Evelina, ambaye angekuwa leo na kazi; na dada mmoja, Suzana, aliyembeba, aliyemfungua mkono, aliyemfundisha kisu, na aliyemsimamisha kwenye foleni akiwa mgonjwa. Anamwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa peke yao wawili hakutaka.

Na salamu ile ya Mkuyuni, anaijibu sasa, kabla hamjamfunika.

Marahaba, Chenge. Marahaba, mdogo wangu. Kaa, usisimame tena. Pumzika.