Mzee Breki na Mashimo Sitini na Moja

Tarehe 30 Juni dereva wa idara yetu ya udongo, ambaye chuo kizima kinamwita Mzee Breki, atakabidhi ufunguo wa pikapu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Wasifu huu umepitishwa na mkuu wa idara. Aliletewa saa nne na dakika tano, akausaini saa nne na dakika sita, kwa hiyo msomaji awe na hakika kwamba umepita mbele ya macho makali yaleyale yanayopitia tasnifu zetu.

Mzee Breki aliajiriwa kuendesha gari. Ndivyo barua yake inavyosema, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Kazi aliyoifanya hasa ni kuwafundisha utafiti wanafunzi wa shahada za juu, kwa kuwa walimu wao walikuwa wametingwa na mikutano ya kujadili namna ya kuwafundisha.

Mwanafunzi mpya akifika kwetu huambiwa ajipatie uzoefu wa utafiti. Hufurahi sana. Kisha hupewa magunia. Huyabeba kutoka kwenye gari hadi maabara, ghorofa ya tatu, huanika udongo, huuchekecha, huandika namba kwenye mifuko, na mwaka ukiisha huuliza kwa adabu huo uzoefu unaanza lini. Aliyewajibu siku zote ni Mzee Breki. Aliwaonyesha namna ya kuzungusha keekee, kile chuma kirefu cha kutobolea ardhi, bila kuvunja mgongo. Aliwaonyesha kutambua udongo wa mfinyanzi kwa kuuviringisha kiganjani. Aliwafundisha hata kuongea na watu. Kijana mmoja alimsomea mama mkulima swali la mistari minne, lenye neno “uendelevu” mara tatu. Yule mama akaomba radhi, akaenda kuwaita wanawe, akidhani ameshtakiwa. Mzee Breki akashuka garini, akamsalimia, akamuuliza, “Mama, shamba hili lilikuudhi mwaka gani?” Mama akaongea saa nzima.

Ndani ya pikapu lilifundishwa pia somo ambalo halimo kwenye ratiba yoyote, nalo ni kuishi na msimamizi. “Usimpelekee sura ya tasnifu siku ya Ijumaa,” alikuwa akiwaambia. “Akikwambia ‘kazi nzuri, endelea’, ujue hajasoma. Akikugombeza ukurasa kwa ukurasa, mshukuru Mungu, huyo amesoma.”

Msimamizi aliyetajwa zaidi katika mafunzo hayo ni profesa ambaye leo ndiye mkuu wetu wa idara. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu. Hajawahi kukataa kusoma kazi ya mwanafunzi. Huwa haisomi tu.

Kulikuwa na binti mmoja wa shahada ya uzamivu chini yake. Alichimba mashimo sitini kwa misimu miwili ya kiangazi, yeye ameshika mpini upande huu wa keekee, Mzee Breki upande ule. Akagundua kwamba miteremko ile, chini ya futi mbili, ina tabaka gumu la mfinyanzi. Makala iliyompa profesa jina ilisema ni mchanga mtupu. Binti akaiandika sura yake ya tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akampelekea.

Miezi minane ikapita. Kila akibisha mlango anaambiwa, “Nimeipitia juujuu, tuonane wiki ijayo.” Mwezi wa tisa ofisi ya shahada za juu ikamwandikia: sura isiposainiwa kabla ya mwisho wa mwezi, usajili wake unafutwa. Miaka minne ingekwenda na maji, na mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari. Akaingia kwenye pikapu, pale maegeshoni, akalia mpaka Mzee Breki akazima redio.

Jumanne iliyofuata, akisafisha gari, mzee akaikuta bahasha chini ya kiti cha abiria. Haijafunguliwa. Ilikuwa na alama ya soli ya kiatu, na kila mtu anajua nani hukaa kiti kile. Angeweza kumrudishia binti. Badala yake aliifuta vumbi, akaiweka juu ya dashibodi.

Alhamisi profesa alikuwa na safari ya saa mbili na nusu kwenda kufungua semina iitwayo “Usimamizi Bora wa Wanafunzi wa Shahada za Juu”. Njiani simu yake ikaisha chaji. Chaja ya gari nayo ilikuwa mbovu, jambo ambalo fundi wa karakana ameshindwa kulieleza hadi leo, maana kesho yake aliikuta nzima. Profesa akatazama nje, akatazama kucha zake, mwishowe akafungua bahasha.

Alifika ukurasa wa arobaini, akaifunga kwa kishindo. “Huyu binti hakuchimba. Amekaa kwao akabuni.”

“Amechimba, Profesa,” akasema Mzee Breki. “Sitini na moja. Moja tuligonga mwamba, hakuliandika.”

“Basi alipima vibaya. Eneo lile nalijua mimi.”

Mzee akakanyaga breki. Gari likasimama kando ya barabara. “Uliwahi kushuka pale, Profesa?”

Mzee akaliondoa gari tena. Akakata kona ya kwanza aliyoiona, akaendesha kilomita kumi na moja mpaka kwenye mteremko wenyewe, akamkabidhi profesa keekee akiwa na suti, tai na beji ya semina kifuani. Futi moja, mchanga. Profesa akatabasamu. Futi mbili, chuma kikagoma. Kilipovutwa kilikuja na bonge la mfinyanzi wa kijivu, na mzee akamwonyesha namna ya kuliviringisha.

Haki itendeke: hakukasirika. Alilitazama lile bonge kwa muda mrefu, kisha akaomba wachimbe shimo la pili. Halafu la tatu. Jasho lilimtoka mpaka tai ikalowa, na Mzee Breki anasema hajapata kumwona mtu yule na furaha kama siku ile. Sura ilisainiwa juu ya boneti. Semina ilifunguliwa kwa kuchelewa saa moja na nusu, na profesa, tope hadi magotini, akawaeleza washiriki kwamba msimamizi bora hushuka shambani pamoja na wanafunzi wake. Wakampigia makofi.

Binti alihitimu. Makala iliyotokana na sura ile ilichapishwa, jina la profesa la kwanza, la binti la pili. Mzee Breki alipata barua ya onyo kwa kuacha njia bila kibali na kumchelewesha ofisa, imesainiwa na profesa mwenyewe. Hiyo aliisoma kabla ya kusaini. Kwa sababu yake, cheo cha mkuu wa madereva kilikwenda kwa kijana ambaye hurudisha gari nyuma mpaka asikie limegonga.

Binti yule ndiye anayeandika haya. Katika shukrani za tasnifu yake profesa alipata mistari kumi na mmoja, mama yake mitatu. Mzee Breki aliingizwa kwenye “wengine wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine”. Hakuna aliyemlazimisha. Aliogopa tu watahini wangecheka wakiona dereva.

Mwezi uliopita binti huyo aliuomba utawala uiondoe ile barua ya onyo kwenye faili kabla mzee hajastaafu. Utawala, kwa maajabu, ukakubali. Ilibaki saini ya mhusika. Mzee akavaa miwani, akasoma karatasi yote, mstari kwa mstari, hadi namba ya kumbukumbu. Kisha akarudisha kalamu.

“Iache, mwanangu,” akasema. “Miaka yote hii nimechimba na nyinyi, na hii ndiyo karatasi pekee iliyoandika kwamba nilikuwepo.”

Asante, mzee wetu. Mgongo usikusumbue, nyumba yako iwe na vicheko, na wewe na mkeo mle maisha taratibu, mkipita njia yoyote mnayoitaka bila kibali cha mtu.