Betri Iliyoandikwa Imekufa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa bwawa letu. Viongozi wa meza kuu. Majirani wa ng'ambo zote mbili:

Sisi wauguzi, walimu, wapishi na wafagizi tunaovuka maji haya kila siku kwenda kazini tunasema karibu, na karibu tena. Anayesoma ni mfagizi wa zahanati. Sauti ikimtetemeka, mtamvumilia.

HISTORIA YA BOTI YETU

Maji haya ndiyo tunayokunywa, kwa hiyo injini ya petroli ni marufuku. Miaka nenda miaka rudi tulipiga makasia, tukafika kazini tumelowa chapachapa. Kisha ikaja mota ndogo ya umeme, na betri ya lithiamu, na fundi wake, mama wa watoto wawili. Wiki haikuisha tukawa tumeshambatiza Dada Fyuzi, maana kabla ya kuunga waya wowote aliuliza, "Fyuzi iko wapi?" Aliiweka kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Nyaya alichagua nene, na kila kiungo alikikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Waya uliolegea unachemka," alituambia, "na mimi sikuja hapa kupika abiria."

Wakati wa kuchaji alichomoa kwanza nyaya za mota, akachomeka chaja ya lithiamu yenyewe, akakaa kando yake kwenye kibanda cha boti akimenya chungwa hadi taa igeuke kijani. Chaja ya betri za gari aliitundika juu kabisa ukutani. "Hiyo msiiguse, jamani. Si ya huyu."

MAFANIKIO

Mafanikio yetu, Mgeni rasmi, ni ukimya. Asubuhi ukungu ukiwa umelala juu ya maji, boti iliondoka na hatukujua imeondoka. Ndege hawakushtuka. Mjamzito mmoja tuliyekuwa tukimpeleka zahanati alifumbua macho akauliza, "Jamani, hatuondoki?" Kumbe tumeshafika! Dada Fyuzi, mkono kwenye mpini wa mota, alitabasamu peke yake. Alisema ni hapo tu kichwa chake kinapotulia, tangu alipofiwa na mumewe. Nasi tulimpenda, tunalisema wazi.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, nayo ni sisi wenyewe.

Alipopewa ruhusa ya siku tatu akamuuguze mama yake, alituachia neno moja: msichomeke kitu kwenye betri. Tukachomeka. Simu zetu, redio ya mwalimu, taa ya kibanda. Kila mmoja alisema "kidogo tu", na tulikuwa watu arobaini. Siku ya tatu mota ikazima. Mkaguzi wa bwawa akaja na mita ya umeme, ikasoma sifuri, akaandika: betri imekufa kwa uzembe wa fundi. Barua ya kumfukuza kazi ikaja na sahihi yako.

Tuliisoma barua ile sote, tukaangalia maji. Hakuna aliyetaja simu wala redio. Dada Fyuzi alituuliza tu, "Hata nyinyi mnaniona mzembe?" akachukua koleo lake akaenda zake. Miezi minne tumepiga makasia na aibu yetu.

Wiki iliyopita tulishindwa kuibeba. Tukaenda kwake, tukamweleza kila kitu, simu na redio. Alicheka, halafu akalia, halafu akatugombeza. "Haijafa, imelala! Ina kinga ndani yake. Ikiishiwa kabisa inajifunga isiumie, na mita haioni kitu. Huamshwa kwa chaja yake. Nani aliniuliza? Niliambiwa nisikanyage kibandani."

Mtunza stoo akatutolea ile betri. Dada Fyuzi akaifuta vumbi, akachomeka chaja. Taa haikuwaka. Tulisimama tumeshikana mikono, watu wazima na akili zetu. Mara ikawaka nyekundu, na kufika adhuhuri ikawa kijani. Wallahi tulipiga vigelegele.

MAOMBI

Tunakushukuru kwa betri mpya unayotukabidhi leo. Lakini ukituambia tuchague, tunamchagua Dada Fyuzi. Tunaomba barua ile ifutwe, na kwenye neno uzembe liandikwe jina letu.

Mgeni rasmi, ulipokuwa ukivuka leo, tulikuona umepitiwa na usingizi. Usione haya, boti ile hutufanyia hivyo sote. Ulipoamka ulimwambia aliyekushika mkono ushuke, "Asante, mwanangu. Sijapumzika hivi siku nyingi." Boksi la betri mpya ni hili hapa mezani, na utepe wake bado haujakatwa. Iliyokuvusha ni ile iliyoandikwa imekufa. Na mkono ulioushika ni wa Dada Fyuzi. Ni yule pale nyuma, aliyesimama. Viti vipo, ila hajui kama anaruhusiwa kukaa.

Mungu akurudishe kwako salama, na akupe tena usingizi kama wa leo.

Ni sisi,
Umoja wa Wavukaji wa Asubuhi