Wimbo wa Kurudi

Redio ya basi ilipoanza ule wimbo wa kijana anayeaga kwenda ng'ambo, fundi cherehani alimwomba dereva aupunguze sauti. Mwanawe aliondoka mwaka juzi akiuimba, na simu zake zimeadimika.

Mzee aliyekaa kando yake akacheka taratibu, kama anayekiri kosa la jirani. "Mama, ngoma za wimbo huo nilipiga mimi. Mwimbaji wetu mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka. Anaishi nyuma ya gereji."

"Kumbe ni nyinyi mliomtorosha mwanangu, mzee. Si mngetunga na wa kurudi?"

"Tulitunga. Stesheni za redio zikaukataa, eti hauchezeki."

"Hebu uimbe."

Mzee akakohoa, akaanza kugonga mgongo wa kiti kwa vidole. Basi likasimama kwenye kituo cha fundi kushukia. Kondakta akaita mara mbili. Fundi hakuinuka.