Deuxième Bureau ya Papa Keren

Delphine alikuwa katikati ya kutwanga sombe, majani ya muhogo yamelainika nusu, Guelord alipoiingiza pikipiki yake hadi karibu na miguu ya watu na kuzima injini. Miguu hiyo ilikuwa ya watu wa benchi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya Delphine, pale mtaa wa Kenya, Lubumbashi, mkabala na kanisa lenye spika mbili na waumini kumi. Delphine hakulialika na hajalifukuza. Wanaume wakikaa pale kuanzia saa kumi, wanakunywa kahawa yake ya tangawizi, naye akitwanga kando yao anasikia mambo ya mtaa mzima bila kuinua kichwa. Siku hiyo walikuwepo wawili: Paulin, anayeuza vidonge sokoni na kwa hiyo anaitwa Docteur, na mzee Donat, anayeitwa Cadastre kwa sababu hakuna mpaka wa kiwanja asiouamua, hata asipoombwa. Guelord mwenyewe, wa pikipiki, jina lake ni Sans-Frein. Habari zake nazo hazina breki.

— Mama Keren, nimetoka kwa Syntiche, ule fundi wa ba-ordinateur. Ba-message ya Papa Keren yenye ilipoteaka, ameiona!

— Mungu ni mwema, alisema Delphine, akiendelea kutwanga. Iko wapi?

— Syntiche anasema iko mu deuxième bureau.

Mchi ulibaki juu.

Lubumbashi hakuna mtu mzima wa kuelezwa neno hilo. Bureau, yaani ofisi, ya kwanza ni mke uliyefunga naye ndoa kanisani. Bureau ya pili ni yule mwanamke ambaye, ukirudi kwake umechelewa, unasema ulikuwa na kazi nyingi.

— Rudilia, alisema Delphine.

— Deuxième bureau. Nilisikia na haya masikio yangu. Alikuwa analongea na mukubwa moja pale, anamwambia: "Ya Papa Rigobert yote iko mu deuxième bureau." Miye nikapiga kick, nikakuya.

Juma lililopita Rigobert, mume wa Delphine, alimpa binamu yake Stéphane kompyuta, hiyo ordinateur, aibadilishie disque inayohifadhi kila kitu, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa nzito kama punda mgonjwa. Stéphane alihamisha picha, nyimbo za kwaya na karatasi za shule za watoto. Barua za kompyuta hakuzihamisha, kwa sababu programu yake huzificha mahali pake na yeye hakujua pa kutazama. Rigobert alipofungua alikuta sanduku tupu. Miaka kumi na moja ya barua. Akashika kichwa kama mtu aliyefiwa.

Delphine alimtazama sana siku ile. Mvua ilipoingia chumbani na kuozesha picha zao za harusi, mtu huyo huyo alisema tu: "Itakauka."

Ni kweli alikuwa na sababu. Kampuni yake ya zamani ilifungwa bila kumpa mtu cheti, na kazi mpya iliyompata inataka ushahidi wa miaka aliyofanya: mkataba, barua za patron, yaani mkubwa wake wa kazi. Vyote vilikuja kwa kompyuta. Asipovipeleka Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Delphine aliikubali sababu hiyo. Sasa alianza kuipima upya.

— Mama Keren, usikasirike, alisema Docteur, akisogea ili asikie vizuri hasira yenyewe. Ugonjwa unaonekanaka ku dalili. Disque ya mupya iko kubwa namna gani?

— Mara ine ya ile ya zamani, alijibu Sans-Frein. Stéphane njo alisema.

— Unaona? Muntu wa bibi moja, fasi yote ile anaitafutia nini?

Cadastre aliweka kikombe chini.

— Miye nitawaambia. Haba na haba hujaza kibaba. Kwanza salamu. Kisha picha. Kisha parcelle, kiwanja. Ule bibi iko Bel-Air, na ba-message ni ma-document ya parcelle. Njo maana alilia.

— Hakulia, alisema Delphine.

— Muntu wa parcelle analiaka mu tumbo.

— Hapana Bel-Air, mukubwa, Docteur alikataa. Makomeno. Papa Keren anapitaka Makomeno kila Jumanne, anasema ni répétition ya kwaya. Kwaya gani inaimba Jumanne?

— Kwaya ya parokia inaimba Jumanne, alisema Delphine. Na miye niko naimba mule.

— Ah. Basi Jumatano.

Sans-Frein alikuwa amesubiri zamu yake mpaka miguu ikawa inacheza.

— Munafikiri kidogo, ba-papa. Siku hizi bibi haombe nyumba. Anakaa mule mule mu ordinateur. Kuna mutu ku gare ya treni, alioa mwanamuke wa Lusaka mu ordinateur, bakazaa mapacha.

— Bakazaa namna gani?

— Miye sikuuliza namna gani. Niliona picha ya mapacha. Ndiyo maana banasema, maji ukiyavulia nguo, ni mtoto wa nyoka.

— Kweli, alisema Cadastre, ambaye hakupenda kushindwa na methali yoyote. Wivu unatushika wote hapa, ni ukweli tu. Miaka kumi na moja bantu banamuandikia Rigobert. Miye, toka nizaliwe, barua niliyopata ni moja, na ilikuwa ya kunifukuza mu nyumba.

Delphine hakucheka. Alikuwa akitwanga tena, na sombe ilikuwa imeshalainika zamani kwenye kinu. Alichotwanga sasa hakikuwa majani.

Ndipo Syntiche mwenyewe akatokea, akitembea mbio, mikono ina vumbi la mashine. Msichana wa miaka ishirini na mitano, ana kibanda chake karibu na soko, hana muda wa benchi.

— Maman Keren, jambo. Papa simu yake imefungwa.

— Iko ku visite médicale, banamupima afya kwa ile kazi. Syntiche, mwana wangu, hiyo deuxième bureau iko wapi?

— Mu machine. Kusema, mu écran, ile kioo yake. Ile fasi ya kwanza yenye unaona kama unawasha, inaitwaka Bureau. Nimeunganisha disque ya zamani, ikaleta Bureau yake pia. Sasa kuko mbili. Liste ya ba-message nimeiweka mu ya pili.

Docteur alikohoa. Cadastre aliangalia kanisa. Sans-Frein aligundua kwamba kioo cha pikipiki yake ni kichafu.

— Mais haikwisha, Maman. Nimeona liste tu, ba-message yenyewe sijaitoa. Ile disque iko inagonga. Tok, tok. Iko inakufwa. Kuko ba-fichier, mafaili, mbili kubwa: yenye alipokea na yenye alituma. Nitaweza kutoa moja. Ya pili, siahidi. Nianze na gani?

Benchi zima, lililokuwa na jibu la Lusaka, la Bel-Air na la mapacha, lilimgeukia Delphine.

— Mu ile liste, Delphine aliuliza polepole, nani anaandika mingi?

— Miye sisomake barua za bantu, Maman.

— Sikuuliza kama unasoma.

Syntiche aliangalia viatu vyake.

— Patron. Bantu ba kwaya. Na Madeleine.

— Madeleine mingi?

— Mingi.

Delphine alimjua. Katibu wa ile kampuni. Alikuja kwenye ubatizo wa Keren na kitambaa cha kijani, akacheka na kila mtu, akaosha hata sahani. Mwanamke anaweza kuandika apendavyo. Barua ya mwanamke haimfungi mwanamume. Kinachomfunga ni alichojibu. Na alichojibu Rigobert, miaka kumi na moja, kilikuwa kwenye fichier moja, kinagonga tok, tok, umbali wa dakika kumi kwa mguu.

Katika fichier nyingine kulikuwa na patron, na mkataba, na Jumatatu.

— Mama Keren, alinong'ona Docteur, yenye alituma. Tutajua.

— Yenye alituma, alisema Cadastre. Mpaka lazima uonekane.

Delphine aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka hasa kile walichokitaka wao, na hilo ndilo lililomuudhi.

— Toa yenye alipokea.

— Certain, Maman?

— Enda, mwana. Courant ya umeme inaweza kukatika.

Syntiche aliondoka mbio. Sans-Frein akawasha pikipiki kumfuata ili ambebe. Cadastre akanyoosha kikombe.

— Mama Keren, kidogo tu.

— Kahawa imeisha, alisema Delphine, na chupa ilikuwa nusu.

Wakanyanyuka bila kubisha. Akachota sombe kwenye kinu, akawasha mbabula, jiko lake la makaa.

Rigobert alirudi jua linazama, amepitia kwa Syntiche, clé USB mfukoni, uso umefunguka. Mkataba upo. Barua za patron zipo, zote. Alizisimulia akiwa bado mlangoni, akinawa mikono, akikaa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta chumvi:

— Na zenye nilituma?

— Syntiche hakukuambia? Sans-Frein alipita, anasema disque ilikufwa.

Alivuta pumzi, akaiachia. Delphine alikuwa ameinama juu ya sufuria. Alisikia pumzi ile vizuri, na hakuweza kujua kama ilikuwa ya mtu aliyepoteza kitu au ya mtu aliyepona. Alijua kwamba ataisikiliza muda mrefu.

Aligeuza bukari, ugali wao, kwenye sahani, akagawa sombe, akapasua samaki. Keren. Mwape. Chanda, ambaye alikuwa tayari na tonge mkononi. Kiki, magoti juu ya kiti. Rigobert. Yeye mwenyewe. Sita.

— Tusali, alisema. Wote tuko.